Kabla Hujapigwa Leza: Maneno kwa Wagonjwa na Wanaowasindikiza

Wazee wangu, mabibi na mabwana, vijana, na ninyi mliokuja kumsindikiza mgonjwa mkajikuta mmekalishwa darasani, habari za asubuhi.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kati ya kazi zangu ipo moja ambayo wagonjwa wengi hawajui kama ipo: kusimamia usalama wa leza. Daktari anapofanya yake, mimi natazama mlango, natazama miwani ya kila aliyemo chumbani, naangalia kama taulo bado zimelowa. Ufunguo wa mashine unakaa kwangu. Ukikaa upande huo muda mrefu unasikia maswali ya wagonjwa wakiwa wameshapanda kitandani, na mengi ni maswali yaliyopaswa kuulizwa wiki mbili nyuma, mbele ya meza ya daktari. Ndiyo maana niliomba nafasi hii.

Kuna kauli naisikia kila mara: "Mimi nimeambiwa nipigwe leza, kwa hiyo sifanyiwi upasuaji." Ndugu zangu, leza inakata. Inaunguza, inapasua, inageuza nyama kuwa moshi. Zipo tiba za leza zinazokwisha kwa dakika chache ukachukua njia yako kwenda nyumbani, na zipo ambazo utalazwa kwa dawa ya usingizi uamke una mpira wa mkojo. Zote zinaitwa leza. Kwa hiyo jirani akikwambia "mimi nilipigwa leza wala sikusikia kitu", bado hajakwambia lolote la kukusaidia, mpaka aseme alipigwa wapi na kwa ugonjwa gani.

Wengine hofu yao ni kansa. Wamesikia neno "mionzi" wakafikiria eksirei. Leza za tiba ni mwanga. Si eksirei, wala si ile mionzi inayotumika kutibu saratani. Hubebi kitu mwilini kwenda nacho nyumbani, na mtoto unaweza kumpakata siku hiyo hiyo. Hatari ya leza ni nyingine kabisa, ni ya moto na ya macho, na nitaifikia.

Tofauti ya mwanga huu na wa taa ni kwamba leza ina rangi moja tu, au tuseme urefu mmoja wa mawimbi, na nguvu yake inaweza kukusanywa mahali padogo mno. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960, kwa kijiti cha rubi. Madaktari hawakusubiri: kabla ya mwaka 1961 kwisha ilikuwa imeshatumika kuunguza uvimbe ndani ya jicho la mgonjwa, New York. Tangu hapo zimetengenezwa leza za kila namna, na urefu wa mawimbi ndio unaoamua mwanga utanywewa na nini mwilini. Leza ya kaboni dayoksaidi, yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 10,600 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hunywewa na maji, na kwa kuwa nyama yetu sehemu kubwa ni maji, mwanga wake hauendi mbali. Unaishia juu juu, unakata. Mwanga wa kijani wa nanomita 532 hupenda wekundu wa damu. Ule wa nanomita 1064, ambao jicho halioni kabisa, huzama chini zaidi. Na ule wa nanomita 193 unaotumika kunyoosha kioo cha mbele cha jicho huondoa, kwa kila pigo, tabaka lisilofika sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mwaka 1983 watafiti wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, waliandika jambo lililobadilisha kazi hii: ukichagua rangi sahihi ya mwanga na ukaupiga kwa muda mfupi wa kutosha, unaweza kuunguza shabaha yako peke yake kabla joto halijasambaa kwa majirani. Hilo ndilo linalofanya leza iondoe alama nyekundu usoni kwa mtoto bila kumwachia kovu. Na hilo hilo ndilo linalofanya leza isiyo sahihi kuwa balaa, kwa sababu mwanga haujui daktari alikusudia nini. Unakwenda kwa kila kilicho na rangi unayoipenda.

Kwa hiyo ukikumbuka neno moja katika yote nitakayosema, nalipendekeza hili: usianze kwa kuuliza mashine, anza kwa kuuliza ugonjwa. Watu wanakuja wameshasoma tangazo, wanajua mashine ni mpya, imetoka wapi, ina vichwa vingapi. Ukiwauliza wanatibiwa nini hasa, wananyamaza. Doa jeusi lililoota mguuni, likakua, likabadilika sura, si doa la kupelekwa kufutwa. Linaweza kuwa saratani ya ngozi, melanoma, na kwa watu wenye ngozi nyeusi saratani hiyo hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Leza ikilipiga, rangi ya juu inaondoka, mgonjwa anafurahi, ugonjwa unaendelea chini bila kuonekana. Doa la namna hiyo linakatwa kipande kikapelekwa maabara kwanza. Mwanamke aliyeanza kuota ndevu nyingi huku hedhi zimevurugika anahitaji kupimwa homoni kabla ya kupigwa leza kidevuni. Asipopimwa, atarudi na nywele zitarudi. Tena wapo, hasa wenye matatizo hayo ya homoni, ambao leza huwaongezea nywele pembeni ya sehemu iliyotibiwa. Jambo hilo linajulikana kitaalamu. Matangazo hayalitaji.

Nikae kidogo kwenye ngozi, maana huku watu wanaumia zaidi ya wanavyosema.

Leza ya kuondoa nywele inawinda melanini, rangi nyeusi iliyo kwenye unywele na mzizi wake. Inaipasha moto hadi mzizi unadhurika. Lakini melanini hiyo hiyo imetandazwa kwenye tabaka la juu la ngozi nyeusi. Weka shati jeusi na jeupe juani uyashike baada ya saa moja, utaelewa nani anaungua kwanza. Kwa hiyo mashine iliyomfaa mtu mweupe, kwa kipimo kile kile, inaweza kumwachia mtu mweusi malengelenge, kisha mabaka meusi, au mabaka meupe ambayo huchelewa sana kurudi na pengine hayarudi. Kwa ngozi nyeusi leza inayokubalika zaidi ni ile ya nanomita 1064, kwa kuwa melanini inainywa kidogo, na hata hiyo inatumiwa pamoja na kipoza ngozi. Kuna mashine nyingine za mwanga wa mapigo ambazo watu huziita leza nazo si leza. Zinatoa mchanganyiko wa rangi nyingi kwa mpigo. Zina kazi zake, lakini kwenye ngozi nyeusi sana mimi nisingekubali zinikaribie.

Wataalamu hupanga ngozi kwa madaraja sita, kutoka la kwanza, la weupe wanaoungua jua upesi, hadi la sita, la weusi sana. Mpango huo ulianzishwa na daktari Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, na mwanzoni ulikuwa na madaraja manne ya watu weupe tu. Sisi wengine tuliongezwa baadaye. Haidhuru. Muulize anayekutibu: umeniweka daraja la ngapi, na kwa daraja hilo unatumia urefu gani wa mawimbi? Akikujibu "mashine hii inafaa ngozi zote" bila maelezo zaidi, shukuru kwa upole uondoke.

Uliza pia kuhusu eneo la majaribio. Anayejua kazi atapiga sehemu ndogo, labda nyuma ya sikio au chini ya taya, kisha atakuambia urudi baada ya wiki kadhaa. Wagonjwa hukasirika: "Si umeona hakuna kitu, tuendelee leo." Madoa ya ngozi nyeusi hayana haraka. Malengelenge utayaona kesho, lakini weusi unaofuata unaweza kuchukua wiki mbili, tatu kujitokeza. Anayepima asubuhi na kupiga mwili mzima mchana hajapima kitu.

Na siku yenyewe, usijikaze. Leza ya nywele inachoma kidogo, kila pigo linauma na kupita, kuna harufu ya nywele zilizoungua, halafu kuzunguka kila kinyweleo panavimba kidogo na kuwa pekundu au peusi zaidi. Hiyo ni kawaida. Maumivu yanayobaki yakizidi, au ngozi ikigeuka kijivu au nyeupe pale pale, sema "simamisha". Si utovu wa adabu. Anayeshika mashine haoni unachokisikia.

Hapa niseme kuhusu krimu za ganzi, maana jambo hili limeua. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufariki. Walijipaka krimu ya ganzi miguuni wakiwa wanajiandaa kuondolewa nywele kwa leza, wakafunga miguu kwa plastiki ili dawa ikolee. Dawa iliingia kwenye damu kwa wingi, wakapata degedege, wakapoteza fahamu. Krimu hiyo ni dawa. Paka kiasi ulichoambiwa, mahali ulipoambiwa, kwa muda ulioambiwa, na usiifunike kwa plastiki mpaka aliyekuandikia akuagize.

Kuna mambo ambayo lazima umwambie mtoa huduma hata kama hakuuliza. Kama wewe au ndugu zako mnaota makovu ya kuvimba, keloidi, sema. Kama umekuwa ukipaka krimu za kung'arisha ngozi au zenye steroidi, sema. Hakuna atakayekucheka, na ngozi iliyokonda kwa steroidi haiponi kama nyingine. Kama unameza vidonge vya chunusi vya aina ya isotretinoini, au dawa kama doksisaiklini zinazofanya ngozi ichukie mwanga, sema. Kama huwa unatokwa na vidonda vya herpesi mdomoni, sema, kwa sababu joto la leza usoni linaweza kuviamsha, na kuna dawa ya kumeza ya kuvizuia mapema. Na kuna hili ambalo hata wahudumu wengi hawalijui: mgonjwa aliyewahi kutibiwa baridi yabisi kwa dawa zenye dhahabu, akipigwa leza zile za mapigo mafupi sana, ngozi yake inaweza kugeuka rangi ya samawati ya kijivu papo hapo. Dawa hizo hazitumiki sana siku hizi, ila dhahabu hubaki kwenye ngozi kwa miaka mingi.

Mkiniuliza kama leza inaondoa nywele milele, nitawaambia inapunguza. Mzizi unadhurika vizuri pale tu unywele ukiwa katika hatua ya kukua, na nywele hazikui zote kwa pamoja, ndiyo maana vikao vinaachana wiki 4 hadi 8 na vinakuwa vingi. Nywele zenye mvi hazina rangi ya kuwindwa, hazisikii leza. Kabla ya kikao nyoa kwa wembe, lakini usizing'oe, maana ukiing'oa umeiondoa shabaha yenyewe. Na vijana wenye vipele vya ndevu visivyoisha, vile vinavyotokana na unywele uliojikunja kurudi ndani ya ngozi, hao ni miongoni mwa watu ambao leza ya 1064 huwafaa kweli. Kwao siiti urembo, naiita tiba. Tatuu nazo hupungua, nyeusi kwa urahisi, kijani na njano kwa shida, na vile vipodozi vya kuchorwa midomo au nyusi vyenye rangi nyeupe au ya ngozi vinaweza kugeuka vyeusi leza ikivigusa. Kapimeni sehemu ndogo kwanza.

Sasa macho. Huku leza imeokoa watu wengi kuliko mahali pengine popote, na huku pia ndiko wagonjwa wanakotoka wamekata tamaa kwa sababu waliahidiwa kisichoahidika, au hawakuelezwa.

Mgonjwa wa kisukari anaambiwa apigwe leza kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho. Anaketi, kidevu juu ya kibao, paji la uso kwenye ukanda. Wanamtonesha ganzi, wanamwekea lenzi maalumu juu ya jicho, ni baridi na ina utelezi, haiumi. Halafu mwanga wa kijani unaanza kupiga, mmoja mmoja au kwa mafungu, mkali mpaka unataka kurudi nyuma. Baadhi ya mapigo yanapita kimya, mengine yanachoma ndani kabisa, hasa pembeni. Yanafika mamia kwa kikao, na jumla yake inaweza kupita elfu moja. Anapotoka, jicho limejaa ukungu na mboni imepanuliwa kwa dawa, hawezi kuendesha gari. Baada ya wiki anarudi analalamika: "Mbona sioni vizuri zaidi?"

Mzee wangu, mama yangu, leza hiyo haikupigwa ili uone zaidi. Ilipigwa ili usipofuke. Kisukari kimenyima retina hewa, nayo inaotesha mishipa mibovu inayovuja na kupasuka. Daktari anaunguza sehemu za pembeni ili kupunguza njaa hiyo, alinde sehemu ya katikati unayosomea. Unaweza kupoteza kiasi cha kuona gizani na pembeni, hiyo ndiyo bei yake. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kwamba tiba hii inapunguza upofu mkubwa kwa nusu au zaidi kwa wale walio hatarini. Sasa mtu ambaye hakuelezwa hivyo anaacha kikao cha pili, kwa sababu cha kwanza "hakikumsaidia". Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa linalogharimu macho mengi zaidi, na lawama zake zinatuangukia sisi watoa huduma kuliko mgonjwa.

Kwa presha ya macho habari ni nyingine. Leza laini huelekezwa kwenye chujio ambalo maji ya jicho hupitia kutoka nje, ili yatoke vizuri. Zamani iliachwa mpaka matone yashindwe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa wagonjwa wapya leza hiyo kwanza, na baada ya miaka 3 takriban robo tatu yao hawakuwa wanahitaji matone. Nguvu yake inaweza kuisha kadiri miaka inavyokwenda, ikahitajika tena, na uoni uliokwisha kuharibika hauurudishi. Lakini kama wewe ni mtu wa kusahau matone, muulize daktari wako kama unafaa.

Wengine waliwahi kutolewa mtoto wa jicho, baada ya miezi au miaka ukungu unarudi, wanasema mtoto wa jicho ameota tena. Hajaota. Ngozi nyembamba iliyo nyuma ya lenzi bandia ndiyo iliyofifia, na leza inaitoboa tundu kwa dakika chache, bila kisu. Ukirudi nyumbani ukaona vimulimuli kama radi, au madoa mengi mapya yanayoelea, au kivuli kinachoshuka kama pazia upande mmoja, usisubiri tarehe yako ya kliniki. Rudi siku hiyo hiyo, retina inaweza kuwa inabanduka. Na nisahihishe hapo hapo: mtoto wa jicho mwenyewe hayeyushwi kwa leza. Zipo leza zinazosaidia kufungua mikato, lakini lenzi iliyochakaa bado inatolewa na bandia kuwekwa.

Wale wanaotaka kuvua miwani, sikilizeni kwa dakika moja. Tiba hiyo inachonga kioo cha mbele cha jicho. Kioo chembamba au kile kinachochongoka chenyewe, ugonjwa uitwao keratokonasi, kikichongwa kinadhoofika zaidi, kwa hiyo vipimo vya umbo na unene wake si vya kurukwa hata kama umeharakishwa. Namba ya miwani iwe imetulia angalau mwaka. Lenzi za kubandika ziachwe kabla ya vipimo, laini wiki moja au mbili, ngumu zaidi ya hapo, kwa kuwa zinalifinya jicho likadanganya mashine. Macho makavu na miduara kuzunguka taa usiku ni malalamiko ya kawaida miezi ya mwanzo, na wachache yanawakaa. Na ukishapita miaka 40 na kitu, miwani ya kusomea utaihitaji hata ukichongwa na bingwa gani.

Nihame kwenye macho niende kwenye figo, kwa ajili ya jambo moja tu. Mawe ya figo siku hizi hupasuliwa kwa leza: kamera nyembamba inapita njia ya mkojo, uzi wa kioo unafikisha mwanga mpaka kwenye jiwe, jiwe linakuwa vumbi. Kazi nzuri sana, hakuna mkato. Ila ukitoka, mara nyingi umewekewa mpira laini ndani, kutoka figo hadi kibofu, ili uvimbe usizibe njia. Huuoni. Unakuletea haja ya mkojo ya mara kwa mara, maumivu ubavuni unapokojoa, damu kidogo, baadaye mwili unazoea, mgonjwa anasahau. Mpira huo una tarehe ya kutolewa. Ukiachwa miezi mingi, mawe mapya yanaota juu yake na unageuka kuwa ugonjwa mkubwa kuliko ule uliokuleta. Kwa hiyo usitoke hospitali bila kuuliza: nimewekewa mpira? Unatolewa lini, na nani atanipigia nikisahau? Wewe uliyemsindikiza andika tarehe kwenye simu yako, kwa sababu mgonjwa aliyeamka kutoka usingizi wa dawa hatakumbuka. Na ukipata homa na kutetemeka baada ya upasuaji huu, hilo halisubiri asubuhi.

Tezi dume nayo hutibiwa kwa leza. Muulize daktari wako maswali mawili kwa ujasiri. Nyama itapelekwa maabara, au inavukizwa yote? Maana iliyovukizwa haiwezi kupimwa saratani. La pili ni la faragha: baada ya upasuaji, manii mara nyingi hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka. Haidhuru mwili, lakini anayetaka mtoto anastahili kuambiwa kabla.

Nimefika kwenye chumba changu. Utakachokiona cha kwanza ni alama ya onyo mlangoni na taa. Ndani tutakuvua hereni na mikufu, kwa sababu chuma kinachong'aa kinarudisha mwanga. Tutakuomba uwe umenawa uso, hakuna mafuta, hakuna dawa ya nywele, hakuna vipodozi, kwa sababu vinashika moto. Ngozi ikisafishwa kwa spiriti tunasubiri ikauke kabisa, na mkiona tunasubiri msidhani tumezubaa. Kwenye upasuaji wa koo vitu vitatu vya kuwasha moto viko sehemu moja: joto la leza, oksijeni, na mpira wa kupumulia. Hapo tunazungushia vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi na oksijeni inashushwa kadiri mgonjwa anavyoweza kuvumilia.

Kisha miwani. Lenzi ya jicho lako inakusanya mwanga unaoingia na kuufanya mkali takriban mara 100,000 unapofika kwenye retina. Na ule wa nanomita 1064 huuoni, kwa hiyo hupepesi. Ndiyo maana kila aliyemo chumbani anavaa, pamoja na wewe, na kama tunatibu karibu na kope tunakuwekea vikinga vya chuma juu ya mboni yenyewe, baada ya ganzi. Angalia pembeni ya fremu: kumeandikwa namba za mawimbi ambayo miwani hiyo inazuia. Namba ya mashine lazima iwe imo ndani ya hizo. Miwani ya jua haizuii chochote cha maana hapa. Miwani ya kijani iliyotengenezwa kwa leza moja inaweza kuruhusu nyingine ipite kama maji. Ukiingia mahali ukakuta aliyeshika mashine amevaa miwani na wewe umefunikwa karatasi laini machoni, toka. Nasema kweli, toka hata kama umeshalipa.

Moshi unaotoka nyama ikiungua si wa kuvuta, hasa kwenye matibabu ya sunzua, kwa kuwa chembe za virusi vyake zimewahi kupatikana ndani ya moshi huo. Lazima kuwe na bomba la kuunyonya karibu kabisa na kidonda.

Kuhusu matangazo, sitaongea sana. Leza hafifu, zile zisizounguza, zina ushahidi mzuri kwa mambo machache, mojawapo ni vidonda vya kinywa vinavyowapata wagonjwa wa saratani wakiwa kwenye matibabu. Mtu akikuuzia hiyo hiyo kwa kila ugonjwa kuanzia mgongo hadi usahaulifu, shika mfuko wako. Na mwezi Julai 2018 mamlaka ile ile ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wanawake kuhusu leza zilizokuwa zikitangazwa kwa "kurudisha ujana" wa uke: usalama na manufaa yake kwa kazi hiyo hayakuwa yamethibitishwa, na kulikuwa na ripoti za kuungua, makovu na maumivu ya kudumu.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali, na kimoja kimerudiwa na watu watatu, nakijibu kabla ya kushuka: je, mjamzito anaweza kupigwa leza?

Mwanga wa leza iliyopigwa jichoni au mguuni haufiki tumboni kwa mtoto. Lakini yale yanayoweza kusubiri yanasubiri: nywele, tatuu, madoa, kwa sababu ngozi ya mjamzito inashika weusi upesi na hakuna sababu ya kuharakisha. Kuchonga macho ili uvue miwani kunangoja mpaka baada ya kujifungua na kunyonyesha, kwa kuwa homoni hubadilisha namba ya jicho, mtakuwa mmechonga kwa kipimo cha muda. Ila mjamzito mwenye kisukari ni kinyume chake. Mimba inaweza kuharakisha uharibifu wa retina, kwa hiyo akutane na daktari wa macho mapema katika mimba na arudi kadiri atakavyopangiwa, na akihitaji leza apigwe, asiahirishe. Jiwe lililoziba figo nalo likileta homa au maumivu yasiyotulia halingoji miezi tisa; kwanza njia hufunguliwa mkojo upite, na leza ikihitajika hutumika, kwa uangalifu na kwa ushauri wa daktari wa uzazi. Lililo lako ni kusema "nina mimba", au hata "nadhani nina mimba", kabla hujapewa dawa yoyote ya ganzi au usingizi. Vikaratasi vilivyobaki nitavijibu pale nje, na kuna jozi mbili za miwani mezani, zisomeni namba.